Mwalimu, Nashinda Mchezo Mzima Kisha Naupoteza kwa Hatua Moja

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mtunza stoo hapa Tanga, nina miaka 36, mke na watoto wawili. Naomba unisaidie kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, ila mimi linaninyima usingizi. Ni sataranji, hii ambayo vijana wanaiita chesi.

Nilijifunza nikiwa na miaka 29, kwa mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa na ubao wa kukunja pale kazini. Mwaka wa kwanza nilikuwa napanda kila mwezi, mpaka hakubaki mtu stoo ambaye sikumfunga. Marehemu babu yangu alikuwa fundi wa bao pale barazani. Alikuwa anayatupia mashimo jicho moja tu, anajua kete zitaishia wapi. Nikajiambia damu ile ninayo. Nikafungua akaunti kwenye simu, pointi zikapanda hadi 1,350. Huu sasa ni mwaka wa tatu ziko palepale. Zikishuka nazirudisha, nikizirudisha zinashuka tena. Kila usiku baada ya kula nacheza mechi za dakika tatu tatu, kumi na tano, ishirini, mpaka bando liishe au mama watoto azime taa. Video za kufungua mchezo nimeangalia mpaka nimezikariri.

Mwezi uliopita nilikwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya wikiendi. Raundi ya nne nikapangwa na binti wa miaka 12, kakaa kwenye kiti miguu haifiki chini. Nilicheza vizuri, Mwalimu. Nilimla farasi bila malipo, malkia tukabadilishana, na ngome moja moja zikaondoka. Nikabaki na ngome mraba wa a1 (herufi ni safu, namba ni mstari kuanzia upande wangu), farasi b5, mfalme g1, na askari wangu watatu mbele yake hawajasogea. Yeye akabaki na ngome na askari wake. Saa yangu ilikuwa na dakika 22. Nikaona askari wake wa a7 ni wa kula tu. Nikamla kwa ngome. Yule mtoto akashusha ngome yake kutoka d8 hadi d1, akaniangalia, akasema kwa sauti ndogo, "Chekimeti." Nilikaa nautazama ubao kama mtu aliyeibiwa mfukoni sokoni. Hata mkono sikumpa vizuri, na hilo linaniuma hadi leo.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechemka. Mwanangu wa miaka 9, ambaye ndiye ninayemfundisha, aliniomba tucheze. Akaacha malkia wake aliwe bure. Nikamfokea, "Huoni?" Akazikusanya kete kimya kimya, akazirudisha kwenye boksi. Tangu siku hiyo ubao haujafunguliwa.

Naomba uniambie ukweli. Je, kichwa changu kimefika mwisho? Ni umri? Na nifanyeje niweze kuona hatua tano au sita mbele kama wanavyoona mabingwa? Maana naona hapo ndipo ninapokwama.

Mimi mwanao, Mcheza Sataranji, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma jioni, nikaenda kuchukua ubao na kuzipanga kete kama ulivyoeleza. Mfalme wako g1. Askari f2, g2 na h2. Farasi b5, ngome a1. Kwa upande wa pili ilinibidi nikisie: mfalme mweusi nimemweka g8 na askari watatu mbele yake, maana hukusema yuko wapi. Nikakaa nautazama mpango ule. Kisha nikairudia barua, na hapo nikaona kitu ambacho nadhani wewe mwenyewe hujakiona.

Kila kete yako umeniambia ilisimama wapi. Ngome ya yule binti umeitaja kwenye hesabu ya mali tu, kwamba alibaki na ngome na askari, basi. Ilikuwa mraba upi, nimekuja kujua wakati inashuka kukufunga. Mwezi mzima umepita, unasimulia ukiwa umetulia, na bado ngome ile inaingia kwenye simulizi yako ikiwa tayari iko njiani kwenda d1. Naamini ndivyo ilivyokuwa hata mezani. Ulikuwa na dakika 22 na hukuitazama.

Swali lako la hatua tano au sita nitalijibu. Ila naomba ukumbuke, tunapoendelea, kwamba uliyekwenda kutafuta hatua ya sita ulifungwa na ya kwanza.

Mwaka 1938 wachezaji wakubwa wa dunia walikutana Uholanzi kwenye mashindano yanayoitwa AVRO. Mwanasaikolojia Mholanzi, Adriaan de Groot, ambaye naye alikuwa mchezaji hodari, aliwaomba magwiji wa wakati huo, akiwemo bingwa wa dunia Alexander Alekhine na kijana Paul Keres, wautazame mchezo wasioujua na kufikiri kwa sauti huku yeye akiandika wanachosema. Wachezaji wa kawaida wa klabu nao akawafanyia vivyo hivyo. Mtu angedhani magwiji wataonekana wanahesabu mbali sana kuliko wenzao. Alipotoa matokeo yake mwaka 1946, tofauti ya umbali ilikuwa ndogo mno kuweza kueleza kwa nini hawa ni magwiji na wale si magwiji. Wala magwiji hawakupitia hatua nyingi zaidi. Tofauti ilijitokeza katika sekunde za mwanzo kabisa. Gwiji akiutupia ubao jicho, hatua nzuri ilikuwa tayari iko miongoni mwa zile chache alizoanza kuzifikiria. Mchezaji wa klabu alihesabu kwa bidii, lakini alikuwa anaihesabu njia isiyofaa.

De Groot akawaonyesha pia mchezo kwa sekunde chache, akaufunika, akawataka waupange upya. Magwiji waliupanga karibu wote bila kukosea. Ukadhani labda wamezaliwa na kumbukumbu ya ajabu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, huko Marekani, wakaongeza kitu kimoja: mara nyingine walizitawanya kete ovyo, kama zimemwagika kutoka kwenye boksi. Hapo masta na anayeanza wakawa karibu sawa. Kumbukumbu ile ya ajabu ikatoweka.

Jaribu mwenyewe. Nikikuambia "maji yakimwagika hayazoleki", utalishika mara moja na kesho utalirudia. Sasa shika hili: le-ki-ya-mwa-ha-ji-gi-zo-ki-ma-ka-ya. Silabi ni zilezile 12, hakuna iliyoongezwa wala kupunguzwa. Ya kwanza hukuishika kama silabi 12, uliishika kama kitu kimoja unachokijua. Masta naye hazioni kete 25. Anaona mafungu machache anayoyajua: mfalme aliyejificha nyuma ya askari watatu, ngome mbili kwenye safu moja, farasi anayetishia malkia na mfalme kwa pamoja. Mafungu ya namna hiyo, Simon alikadiria, yanafika makumi ya maelfu kichwani mwa masta, na yameingia kidogo kidogo, kwa miaka.

Babu yako ndivyo alivyokuwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na fundi hakai akihesabu kimoja kimoja. Yuko Mholanzi mwingine, Alexander de Voogt, aliyekuja kukaa na mafundi wa bao wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya akili zao, akitembea katika njia ileile aliyoianza de Groot. Kwa hiyo barazani pale ulipokuwa unamwangalia babu, ulikuwa unaangalia miaka ya kukaa mbele ya mashimo yaleyale. Damu sijui, lakini kukaa nakujua.

Sasa utaniuliza, na una haki: mfalme kufungwa kwenye mstari wa nyuma, askari wake mwenyewe wamemzibia njia ya kutoka, ni fungu ninalolijua, Mwalimu, kwenye simu nimeshalifanyia mazoezi mara mia, mbona sikuliona? Naam. Hapa ndipo barua yako inaponigusa, kwa sababu hapa hata wakubwa wanaanguka, na sababu yake watu wengi hawaitaki kwa kuwa haihusu akili kubwa wala ndogo.

Ulilipenda wazo lako.

Mwaka 2008 watafiti watatu, Merim Bilalić, Peter McLeod na Fernand Gobet, waliwapa wachezaji wazuri fumbo lenye njia mbili za kushinda. Moja ilikuwa maarufu, kila mchezaji mzoefu anaijua, ila ndefu. Nyingine ilikuwa fupi na bora, ila si ya kawaida. Wachezaji waliiona ile maarufu mara moja. Wakaambiwa watafute iliyo bora zaidi. Wakatafuta, na walisema kwa moyo mweupe kwamba wanatafuta. Ila kulikuwa na kifaa kinachofuatilia macho yao, na kifaa kikaonyesha macho yanarudi, yanarudi tena kwenye miraba ya lile wazo la kwanza. Hawakuwa wanadanganya. Waliamini kabisa kwamba wanautazama ubao mzima.

Nimelifikiria hili kwa miaka mingi na bado linanitetemesha. Maana yake ni kwamba hisia ya "nimeangalia kila kitu" si ushahidi. Wazo likishaingia, lenyewe ndilo linaloyaelekeza macho, na wewe unaona ni utafiti. Ulipoona a7, macho yako yakahamia upande ule wa ubao, ngome yako, askari wake, labda na njia ya kumpeleka askari mwingine baadaye, na upande wa d8 ukazimika kama chumba kilichokatwa umeme.

Ongeza na hili. Mwaka 2004 Michelle Cowley na Ruth Byrne, huko Dublin, walichunguza jinsi wachezaji wanavyopima mpango wao. Wachezaji dhaifu walipomfikiria mpinzani walimpa majibu yanayowasaidia wao: nitakula hapa, naye atasogeza pale, kisha nitakula tena. Masta walimpa mpinzani jibu linaloua mpango wao. Walikuwa wanalitafuta hilo jibu kwa makusudi, kabla mwenye nalo hajalipata. Kwa maneno mengine, ulikuwa unahesabu hatua mbili mbele, ila hatua ya binti uliicheza wewe, na ulimchezea vibaya.

Na usiseme ni kwa sababu pointi zako ni 1,350. Mwezi Novemba 2006, mjini Bonn, Ujerumani, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia kwa wakati ule, alikuwa anacheza na programu ya kompyuta iitwayo Deep Fritz. Mchezo wa pili, hali nzuri, hana haraka. Akampeleka malkia wake e3. Kompyuta ikaweka malkia h7, chekimeti. Hatua moja, kama wewe. Farasi aliyekuwa anamlinda malkia yule pale h7 alikuwa amesimama f8, mahali ambapo farasi wa kumsaidia malkia hapo haonekani mara nyingi, na wengi waliouchambua mchezo ule wanasema hiyo ndiyo sababu jicho la bingwa lilipita bila kushtuka. Fungu halikuwa kwenye hazina yake, na wazo lake mwenyewe lilikuwa limempendeza. Kramnik aliendelea kucheza kwa kiwango cha juu kabisa miaka mingi baada ya hapo.

Lipo na jambo la tatu, ambalo vitabu hulipitia haraka na mimi ningelikalia siku nzima. Ulikuwa umeshashinda. Farasi wa ziada, dakika 22, mpinzani ambaye miguu haigusi sakafu. Moyoni ulikuwa umeshasaini karatasi ya matokeo. Mtu anayeshindwa anauchunguza ubao kama anayetafuta ufunguo gizani. Anayeshinda anaanza kukusanya vitu vyake aende nyumbani. Yule askari wa a7 hakuwa na pa kukimbilia. Ungemsogeza askari wa h2 hadi h3, mfalme akapata dirisha la kutokea, a7 angeliwa hatua inayofuata, afanye yule binti afanyavyo. Lipange uone mwenyewe. Ulimla mapema kwa hatua moja tu.

Sasa tufanye kazi.

Mechi za dakika tatu ziache kwa miezi mitatu. Najua utaona nakunyang'anya pumziko lako la usiku, lakini fikiria mechi ishirini kila usiku zimekufundisha nini: kuona kitu, kukipenda, kukigusa, yote ndani ya sekunde mbili. Umelifanyia mazoezi kosa la Dar es Salaam mara elfu kadhaa, na umekuwa hodari wa kosa hilo. Cheza mechi mbili au tatu kwa wiki, za dakika 30 au zaidi kwa kila mmoja, na ukiweza kwa ubao halisi na mtu aliyeketi mbele yako. Zile jioni nyingine soma. Neil Charness na wenzake walipochunguza wachezaji wengi na kuchapisha mwaka 2005, kilichoashiria kupanda kuliko kitu kingine chochote kilikuwa saa za kusoma peke yako. Magwiji walikuwa wametumia takriban saa 5,000 za namna hiyo katika miaka 10 ya mwanzo. Kucheza mashindano nako kulisaidia, ila kidogo kuliko hapo.

Kusoma ninakosema si video. Video unamwona mwenzako anafikiri, wewe unatikisa kichwa. Chukua mafumbo 100 mepesi, mepesi kweli, ya hatua moja na mbili. Yafanye. Ukimaliza yafanye tena yaleyale, na tena, mpaka jibu likuruke machoni kama neno "maji" linavyokuruka bila kuliunganisha herufi. Watu wa kiwango chako hukimbilia mafumbo magumu kwa sababu yanawapa heshima. Wewe mepesi ndiyo yanayokufunga.

Na kabla ya kugusa kete, jiulize swali moja. Wengine watakupa orodha ya maswali saba. Mezani utasahau sita. Kwa jinsi mchezo wako ulivyokwenda nakupa hili peke yake: hii kete ninayotaka kuiondoa, hapo ilipo inafanya kazi gani? Ngome yako pale a1 haikuwa imekaa bure. Ilikuwa mlinzi wa mstari wa nyuma, mlinzi pekee, kama askari wa getini anayeonekana amekaa tu kwenye kiti. Umemtoa getini kwenda kuchuma embe.

Alikuwepo Mrusi, Benjamin Blumenfeld, aliyeshauri wachezaji waiandike hatua yao kwenye karatasi kwanza, kisha wainue macho na kuutazama ubao upya kama wanaouona kwa mara ya kwanza, ndipo wacheze. Sheria za shirikisho la dunia, FIDE, sasa zinakataza kuandika hatua kabla ya kuicheza, hivyo mashindanoni usifanye. Ila nyumbani ifanye, mpaka mwili uzoee ile pumzi kati ya wazo na mkono. Mashindanoni kalia mikono yako, au shika kalamu kwa mkono unaochezea. Ukishagusa umecheza, sheria haikuhurumii. Basi mkono uwe mbali.

Kisha nunua daftari. Nataka hili ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyosema. Ukipoteza mchezo, kabla hujaipa programu ya simu ikuchambulie, andika kwa mkono: kwenye hatua iliyoniangusha, nilikuwa nafikiri nini? Programu itakuambia h3 ilikuwa bora. Haitakuambia kwamba ulikuwa umefurahi, wala kwamba ulimdharau mtoto. Yako ya Dar es Salaam ingesomeka hivi: "Niliona a7. Nilihesabu ninachopata. Sikuitazama ngome ya d8. Nilijua nimeshinda." Mistari minne. Daftari langu la kwanza nililijaza kwa miezi mingi nikidhani nina makosa ya kila aina, na nilipolisoma lote kwa pamoja nikakuta kosa moja linajirudia ukurasa kwa ukurasa: kila niliposhambulia upande mmoja, upande wa pili ulikuwa umekufa kwangu. Sikuwa nimelijua hilo mpaka nilipoliona kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Umri. Viktor Korchnoi aligombea ubingwa wa dunia mwaka 1978 huko Baguio, Ufilipino, akiwa na miaka 47, akashindwa na Anatoly Karpov kwa ushindi 6 kwa 5, na akawa bingwa wa taifa wa Uswisi akiwa na miaka 80. Sikupi mfano huo nikudanganye kwamba utakuwa Korchnoi. Yeye alianza utotoni na ndiyo ilikuwa kazi yake. Nakupa uone kwamba kichwa cha mtu wa miaka 36 hakijafungwa kwa kufuli. Watu hawalingani, hilo nalo ni kweli. Gobet na Guillermo Campitelli waliwachunguza wachezaji wa Argentina: mmoja alifika kiwango cha masta kwa takriban saa 3,000 za mazoezi, mwingine zilimchukua zaidi ya 23,000. Wewe hujui uko wapi katikati ya hao, kwa sababu miaka hii mitatu hukuwa unafanya mazoezi. Ulikuwa unacheza. Ni vitu viwili.

Pointi zenyewe usizifanye kipimo cha ubongo. Utaratibu huu unatokana na Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungary, na FIDE iliuchukua mwaka 1970. Unachopima ni matokeo yako dhidi ya watu wengine, nao pia wanajifunza. Namba ileile kwa miaka mitatu inaweza kuwa na mtu tofauti nyuma yake. Zifiche kwenye simu kama mpangilio unaruhusu, uziangalie mwisho wa mwezi.

Nilichokiacha mwisho ndicho kilichonifanya nijibu barua yako kabla ya nyingine.

Ulimwambia mtoto, "Huoni?" Mwanangu, hakuona. Na wewe hukuona, una miaka 36 na dakika 22 kwenye saa. Sidhani ulikuwa unamfokea yeye. Ulikuwa bado umekaa pale Dar es Salaam mbele ya yule binti, na aliyekuja kukaa kwenye kiti cha mbele yako akawa mwanao. Hasira ya kushindwa haina adabu, inamwangukia aliye karibu. Kwa hiyo weka mwiko: ukipoteza mchezo uliokuuma, huchezi mwingine siku hiyo, si kwenye simu, si na mtu yeyote. Nenda ukaoge, tembea mpaka dukani, ongea na mama watoto habari nyingine kabisa. Daftari utaliandika asubuhi.

Na mtoto uko na deni kwake. Usimwite umwombe radhi kwa hotuba ndefu, atatahayari. Jumamosi hii asubuhi, wakati nyumba imetulia, fungua boksi, uzipange kete za mchezo wako na yule binti kama nilivyozipanga mimi hapa, nyeupe upande wako. Mwambie, "Hapa baba alifungwa na mtoto wa miaka 12. Nilikula huyu a7." Mwonyeshe mkono wako ukiifanya hatua ile. Kisha geuza ubao, aione kwa upande wa weusi, na umuulize ngome yake inataka kwenda wapi. Usimsaidie. Akikaa dakika tano kimya, na wewe kaa dakika tano kimya.

Akiiona, mpe mkono vizuri. Kisha niandikie.